Maneno Matatu ya Kiingereza

Katika ofisi ya kamusi, ghorofa ya pili juu ya duka la vioo, palikuwa na mwanamke ambaye wenzake walimwita Nukta. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuna nukta iliyowahi kumpita. Ukimletea kurasa mia moja, na moja tu imekosa nukta mahali fulani katikati, ataiona, ataizungushia kalamu nyekundu, kisha atakurudishia karatasi bila neno, kama mtu anayekurudishia shati lililokosa kifungo.

Tabia hiyo aliichukua kwa mama yake, ambaye alikuwa fundi cherehani wa nguo za kike. Fundi hakumzaa. Nukta alilijua hilo tangu hajaanza shule, wala hakuna aliyejaribu kumficha. Alikulia katika chumba cha mbele cha nyumba ndefu ya wapangaji, chumba kilichofungukia barabarani, ambamo meza ya kukatia vitambaa ndiyo hiyo hiyo ilikuwa meza ya kulia, na mara nyingi ulikuta vipande vya uzi kwenye wali.

Habari ya kufika kwake aliisikia mara nyingi mpaka akaijua kwa moyo. Mwanamke mgeni, asiyejua lugha ya pale hata salamu, aliingia na mtoto wa miezi minne na gauni lililofumuka mshono. Alionyesha kwa mikono: nishonee. Fundi akamwonyesha kiti. Mgeni akakaa, akanyonyesha, akamlaza mtoto juu ya vitambaa, halafu akaashiria kwa vidole viwili kwamba anatoka mara moja. Hakurudi. Gauni lilishonwa likakunjwa. Ndani ya shuka la mtoto kulikuwa na kipande cha karatasi, kimeandikwa kwa penseli maneno matatu ya Kiingereza: *Please keep her*.

Fundi hakujua kusoma. Alimpelekea karatasi mwalimu aliyekaa nyumba ya pili, na mwalimu akasema, "Anakuomba umtunze." Basi, akamtunza. Hivyo ndivyo Nukta alivyosimuliwa, na hivyo ndivyo yeye naye alivyowasimulia wanawe.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na miwili, ana mume fundi umeme, watoto wawili wakubwa, na herufi tatu za kamusi. Mhariri mkuu, mama mnene mwenye kicheko cha kutikisa meza, ndiye aliyezigawa.

"Nukta, chukua J, K na L. K kwa Kiingereza ni katoto tu. Utakamaliza kwa wiki moja."

Aliianza Jumatatu. Jumanne asubuhi akafika kwenye kitenzi *keep*, na hapo akakwama kama gari kwenye matope.

Si kwamba hakulijua. Tatizo ni kwamba lilikuwa kila mahali. Mwingereza akiweka kitu kabatini, ni *keep*. Akifuga kuku, *keep*. Akitimiza ahadi, akificha siri, akiendelea kutembea, akinyamaza, maziwa yake yakikaa siku tatu bila kuchacha, mgeni wake akichelewa naye anataka kujua nini kimemchelewesha, kote huko neno ni hilo hilo moja. Nukta aliandika maana kumi na nne, akazipanga, akazipangua. Kila alipoandika "tunza", kalamu ilisimama yenyewe. Kisha akaandika "weka", akaikata. Saa ya chakula ilipofika wenzake walimkuta ameegemea kiti, anatazama dari.

"Vipi, K imekuuma?" mmoja akamtania.

"Imeninyonya damu," alijibu.

Nyumbani nako kulikuwa na jambo. Barabara ya mbele ya chumba cha mama yake ilikuwa inapanuliwa. Nyumba ndefu ilikuwa imeshapigwa alama za rangi nyekundu ukutani, na wapangaji walikuwa wameondoka mmoja mmoja wakiwa na magodoro vichwani. Mume wa Nukta alishaandaa chumba cha mama mkwe: amepaka rangi, amevuta waya, ameweka taa mbili, moja ya kawaida na nyingine ikiangalia chini, palepale cherehani itakapokaa. Imebaki fundi kuhama. Fundi hataki.

Jumamosi Nukta alimwendea. Alimkuta anapindua ukosi wa shati la zamani, miwani imeshuka mpaka puani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe huo mkasi kwanza, ndiyo uniulize ninachojua utaniuliza."

Nukta akampa mkasi. "Majirani wote wamehama, mama. Umebaki wewe na paka."

"Paka ana shughuli zake hapa. Na mimi nina zangu."

"Shughuli gani? Nguo unaweza kushonea kwangu. Mkweo amekuwekea taa mpaka chumba kinafanana na chumba cha upasuaji. Unangoja nini?"

Fundi alikata uzi, akaunyoosha ukosi juu ya goti. Aliutazama kwa makini, kama mtu anayepima kitambaa ambacho akikikosea hakuna kingine.

"Namngoja mwenye mtoto," alisema.

Nukta hakuelewa mara moja. "Mtoto gani?"

"Una utani wewe. Mtoto gani tena? Wewe."

Ndipo fundi alipomweleza sehemu ambayo hakuwahi kuisimulia. Kabla ya kumpelekea mwalimu ile karatasi, alimpelekea karani wa posta, kwa sababu posta ilikuwa karibu na yeye alikuwa na mtoto anayelia begani. Karani aliisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akasema, "Mama, huyu mtu anasema umwekee mtoto."

"Nikamuuliza, nimwekee vipi? Akaniambia, kama vile mtu anavyokwambia niwekee mzigo wangu hapa, nakuja kuuchukua. Nikarudi nyumbani na mtoto begani. Siku ya tatu ndiyo nikaenda kwa mwalimu, yeye akasema, mtunze. Basi nikachukua la mwalimu nikakupa wewe. La karani nikabaki nalo mwenyewe."

"Miaka yote hii?"

"Mwanangu, yule anaujua mlango huu mmoja tu katika mji mzima. Akija akakuta barabara, ataanza kuuliza wapi? Na kwa lugha gani?"

Nukta alitazama chumba. Mambo mengi aliyoyazoea yalianza kumjia kwa sura nyingine. Kwa nini mama yake alikataa kuolewa na yule muuza mbao mpole, aliyetaka kumhamishia upande wa pili wa mji. Kwa nini mlango ulikuwa wazi hata siku za mvua, maji yakaingia mpaka chini ya meza. Kwa nini, alipougua tetekuwanga akiwa mdogo, mama yake alimfunga mikono kwa vitambaa laini asijikune, huku akisema, "Usiweke alama, jamani, usiweke alama."

"Kwa hiyo nilikuwa amana," Nukta alisema. Sauti ilimtoka nyembamba kuliko alivyotaka.

"Nilikuogesha kwa mikono hii miwili. Sikuwa na mkono wa amana na mkono wa mtoto."

"Lakini ulikuwa unaniweka. Unamwekea mtu."

"Nilikuwa sijui!" fundi alisema kwa ukali, na miwani ikamwangukia mapajani. "Wewe ndiye uliyesoma. Si unaandika hilo likitabu lenu la maneno? Niambie basi. Alisema nikuweke au alisema nikuchukue?"

Nukta alichukua ufagio. Alifagia chumba ambacho kilikuwa kimeshafagiwa, akaaga, akaondoka.

Jumatatu alipanda ngazi mpaka chumba cha juu kabisa, kwa Mzee Mizizi. Huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa chuo, ambaye ofisi ilimpa kazi ya kuandika asili ya maneno. Alikaa katikati ya vitabu vikubwa, na kikombe chake cha chai kilikuwa na kifuniko cha karatasi kuzuia vumbi la vitabu hivyo.

"Mzee, nataka asili ya *keep*."

Mzee akacheka. "Umenishika pabaya. Maneno mengi ya Kiingereza yana ukoo. Ukimchukua *mother*, utamkuta dada yake kwa Wajerumani, mwingine kwa Waholanzi, binamu zake mpaka India. Unagonga mlango, unaambiwa ingia, huyu ni wetu. Lakini hili? Linatokea kwenye maandishi ya kama miaka elfu moja iliyopita, limeshakuwa zima, linatembea kwa miguu yake. Hakuna lugha inayosema ni mtoto wangu. Wataalamu wametafuta wakachoka. Wanaandika tu: asili haijulikani."

Nukta alijikuta ameshika ukingo wa meza. Mzee alikuwa anaongea habari za vitabu, hakujua mengine.

"Na maana yake ya zamani kabisa?"

"Hapo pana utamu. Kukamata. Kushika. Lakini pia kuwa macho, kuangalia kama kitu kinakuja. Kutamani kitu, kukivizia. Kungojea. Hiyo ya kuweka na kutunza imekuja kukua baadaye."

"Sasa mzee, mtu akikuandikia 'keep' mtu fulani, basi, hakuongeza kitu. Anakuomba umwekee kwa muda, au anakupa moja kwa moja?"

Mzee Mizizi aliondoa kile kifuniko cha karatasi, akanywa chai, akakirudisha. Alikuwa ameshaona kuwa swali hili si la kamusi, ila alikuwa na adabu ya kutouliza.

"Neno lenyewe halisemi, binti yangu. Linabeba yote mawili. Anayejua ni mwandishi."

"Mwandishi hayupo."

"Basi muulize aliyepokea. Yeye aliishi nalo vipi?"

Swali hilo lilimkaa Nukta kichwani siku nzima. Jioni, badala ya kushika njia ya nyumbani, alishika ya kwa mama yake. Fundi alikuwa mlangoni kwenye kigoda, anatazama mashine kubwa za barabara zilizoegeshwa ng'ambo.

Nukta alikaa chini, kwenye kizingiti, mabega yao yakagusana.

"Mama, sikuja kukuhamisha leo. Nataka kukuuliza kitu kimoja. Karani alisema lake, mwalimu alisema lake. Wewe mwenyewe uliamini lipi?"

Fundi alijikunja kidogo, kama aliyepigwa na baridi.

"Alikuja," alisema.

"Nani?"

"Ulikuwa na miaka saba, umetoka shule, unachora kwa chaki yangu pale sakafuni. Nikainua macho, nikaona mwanamke amesimama pale kwenye kona, kwa fundi viatu. Anatazama huku. Haji, haondoki. Nikasema moyoni, ndiye. Nilikuwa nimekaa miaka saba namngoja, mlango wazi. Unajua nilifanya nini? Nilishusha pazia. Nikakushika mkono, tukatokea uani, tukaenda kwa mama yako mkubwa."

Nukta aliikumbuka safari hiyo. Kwa mama mkubwa kulikuwa na kuku na vifaranga wengi, na walilala siku mbili bila sababu, katikati ya wiki, na hakuna aliyemwuliza habari za shule. Zilikuwa siku tamu kuliko zote za utoto wake. Aliwahi kuwaeleza hata watoto wake.

"Tuliporudi hakuwepo," fundi aliendelea. "Nilimwuliza fundi viatu, akasema mwanamke huyo alisimama siku ya kwanza mpaka jioni. Siku ya pili alikuja tena. Hakusema kitu. Labda hakuwa na lugha."

"Una hakika ni yeye?"

"Sina. Gauni lile lilikuwa la mtu wa kiuno chembamba, na huyu alikuwa amejaa. Lakini mtu hujaa. Sina hakika, na ndicho kilichoniua. Tangu hapo nikasema, akija tena sitakimbia. Nitampa kiti. Ndiyo maana sihami. Sasa umeniuliza niliamini lipi. Nilisema naamini la karani. Siku ilipofika nikafanya la mwalimu."

Nukta alisimama. Alivuka barabara mpaka kwenye kona, mbele ya kibanda cha fundi viatu ambacho kilikuwa kimefungwa, akageuka kutazama. Kutoka pale, chumba kilionekana chote: meza, cherehani, na mama yake mlangoni akiwa mdogo kuliko alivyomjua. Mtoto wa miaka saba akichora sakafuni angeonekana vizuri sana. Hata rangi ya chaki ingeonekana. Alijaribu kufikiria sura ya mtu aliyesimama hapo siku mbili, akashindwa. Kila alipoijaribu ilimjia sura yake mwenyewe. Alitaka kumlilia mtu fulani na hakujua ni yupi kati ya wale wawili. Alienda zake bila kuaga.

Kwa siku tisa hakurudi. Alimtuma mumewe na chakula, na mumewe alirudi na vyombo vitupu na salamu. "Anauliza kama umekasirika," alisema siku ya kwanza. Siku ya tano alisema, "Leo hakuuliza." Nukta aliosha vyombo hivyo mwenyewe, akakuta sufuria moja imefungwa mpini wake uliokuwa umelegea, kwa uzi mgumu wa kushonea mikoba, fundo kwa fundo, safi. Akaisimamisha ikauke, akakaa nayo jikoni.

Ofisini alikamilisha K. Mhariri mkuu aliipitia, akafika kwenye *keep*, akainua nyusi.

"Maana ya kumi na tano umeandika 'mwekea mwenyewe mpaka arudi'. Hii si imo ndani ya 'weka'?"

"Haimo."

"Nukta, nafasi ni ndogo. Tunabana mpaka ng'ombe na punda wanakaa safu moja."

"Nikatie sehemu nyingine. Nikatie ngome, ile *keep* ya mnara wa mfalme. Watoto wa shule hawatakutana na mnara wa mfalme. Hili watakutana nalo."

Katika miaka kumi na moja, mhariri mkuu hakuwahi kumsikia Nukta akibishia kitu kikubwa kuliko mkato. Alimtazama usoni, akaacha kucheka.

"Sawa. Mstari mmoja. Usizidi."

Siku ya kumi tangazo lilibandikwa: Jumatatu mashine zinaanza. Jumamosi Nukta na mumewe walikwenda na pikapu ya kazini. Walimkuta fundi ameshafunga kila kitu mwenyewe, vitambaa kwenye mafurushi, vifungo kwenye makopo, cherehani imefunikwa shuka. Yeye amekaa juu ya furushi, amevaa viatu vya kutokea.

"Nimekubali kuhama," alisema kabla hawajamsalimu. "Sijakubali kupotea."

"Hutapotea, mama," Nukta alisema. Akachuchumaa mbele yake, akamshika magoti. Alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani, ya hasira na ya msamaha, yamepangwa vizuri. Lililotoka lilikuwa, "Na mimi ningekimbia. Kama ningekuwa na mtoto anachora sakafuni, ningekimbia."

Fundi alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakibana kwenye tumbo lake, na hapo wote wawili walilia kwa kelele, mpaka mume akajidai anakwenda kuangalia tairi.

Upande wa fundi viatu haukuguswa na barabara mpya. Nukta alivuka, akampa ubao ambao alikuwa ameuandika kwa rangi: jina la mtaa wao, namba ya nyumba na simu, kwa lugha ya pale na kwa Kiingereza, na chini yake mchoro wa cherehani kwa yule asiyejua zote mbili. Fundi viatu, mzee sasa, aliusoma, akautundika juu ya msumari ndani ya kibanda, unaoonekana kutoka barabarani.

"Akija mtu nimwambie nini?"

"Mwambie tumehama," Nukta alisema. "Hatujakimbia. Na umpe kiti."

"Na asipokuja?"

"Utamkalisha mteja."

Walipakia. Fundi alikaa katikati, mkwe kwenye usukani, Nukta dirishani, kopo la vifungo mapajani. Gari lilipoanza kuondoka hakuna aliyegeuka nyuma. Walipita soko, wakapita kituo cha mafuta. Nukta alikuwa anatazama wanawake njiani, wenye umri ambao mama aliyemzaa angekuwa nao, mmoja mmoja, jinsi alivyofanya maisha yake yote bila kumwambia mtu.

"Mama," alisema, "alikuwa mrefu?"

Fundi alifikiri. "Anakuzidi kidogo. Alipoingia aliinamisha kichwa, ingawa mlango haukuwa mfupi kiasi hicho."

"Sauti yake je? Si alikuwa anasema nawe, hata kama huelewi?"

"Nzito. Alikuwa anasema na wewe zaidi. Alikuimbia kitu kifupi, kinajirudia. Alikuwa na alama ya kuungua hapa, kwenye kiganja, nikasema huyu ni mpishi, au anapiga pasi. Na alikuwa anacheka na macho tu, mdomo umefumba. Kucha zake alikuwa amezikata fupi mno..."

"Ngoja. Taratibu. Hicho alichoimba, unakikumbuka?"

"Maneno siyajui. Sauti yake naikumbuka."

"Iimbe."

Fundi alimtazama mkwewe kwa haya, akakohoa, akaanza kuimba kwa kuvumisha, midomo imefungwa, akikosea na kurudia. Mume wa Nukta alipofika kwenye njia panda aliiacha njia ya mkato, akashika ile ndefu inayozunguka mji, na akapunguza mwendo.